Nauli ya teksi si mfumo linia

Nikisahihisha karatasi za somo la ishara na mifumo, kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni hili: kwamba mfumo wowote, yaani kitu kinachopokea ingizo na kutoa tokeo, ambao grafu yake ni mstari mnyoofu, huo ni linia.

Chukua nauli ya teksi. Shilingi 1,000 ya kuanzia, kisha 500 kwa kila kilomita. Ingizo ni umbali, tokeo ni nauli. Ukichora grafu yake utapata mstari ulionyooka kabisa. Sasa upime. Kilomita 4 ni shilingi 3,000. Kilomita 8, ambazo ni mara mbili yake, ni shilingi 5,000 wala si 6,000. Mfumo linia sharti ukizidisha ingizo mara mbili, tokeo nalo lizidi mara mbili. Na ukijumlisha maingizo mawili, matokeo yake yajumlike vilevile. Kinachoharibu hapa ni ile 1,000. Ingizo likiwa sifuri, mfumo linia hutoa sifuri, ilhali dereva huyu anakudai kabla gurudumu halijazunguka. Iondoe, ibaki 500 kwa kilomita, na mfumo unakuwa linia palepale.

Wengine huamini kwamba ishara, yaani kiasi kinachobadilika kadiri wakati unavyokwenda, ikishapimwa hatua kwa hatua, tayari ni ya dijitali. Bado. Ukipima kina cha maji ya tangi kila saa, umekatakata wakati tu. Kina chenyewe kinaweza kuwa namba yoyote. Kinakuwa dijitali pale unapokilazimisha kukaa kwenye ngazi zilizohesabika, tuseme sentimita kamili. Mitambo ya simu za mezani ya kidijitali hufanya yote mawili: sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kisha kila kipimo hupewa ngazi moja kati ya 256, yaani biti 8. Hizo ni biti 64,000 kila sekunde. Hatua ya kwanza haipotezi kitu, mradi masafa yote ya sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yawe chini ya hertz 4,000. Ya pili hupoteza siku zote, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo nasisitiza zisiitwe kwa jina moja.

Je, wimbi la kosini hujirudia daima? Katika wakati usiokatika, ndiyo: umeme wa majumbani mwetu, wa hertz 50, hurudi mwanzo kila sekunde 0.02. Katika wakati wa hatua, si lazima. Cos(n), n ikiwa 0, 1, 2, 3 na kuendelea, haijirudii kamwe, kwa kuwa hakuna idadi kamili ya hatua inayolingana na kigawe chochote cha 2π, ambayo ni mzunguko mmoja kamili wa kosini.

Na mfumo ambao tokeo lake la sasa linahitaji thamani ya baadaye ya ingizo? Husemwa hauwezi kutengenezwa. Kwa matangazo ya moja kwa moja, ni kweli. Lakini rekodi iliyokwisha kuhifadhiwa ina kesho yake ndani: programu ya kupunguza kelele husoma sampuli (kipimo kimoja cha sauti) ya nyuma, ya sasa na ya mbele, ikachukua wastani wa zote tatu.