Apu za afya na saa za kupima mwili: zinafanya kazi gani kwa mtu wa dawa

Afya kwa simu ni matibabu yoyote ambayo simu imeingia katikati, iwe ni meseji ya kukukumbusha kumeza dawa, apu ya kuandika presha yako, saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo au ile sensa ya sukari inayobandikwa nyuma ya mkono. Kwa sisi tunaokaa nyuma ya kaunta ya kemisti hapa Kisumu maana yake ni moja kubwa, ni njia ya kujua dawa imefanya nini ukishatoka mlangoni. Manake zamani tulikuwa hatujui kabisa, mtu anabeba vidonge vya mwezi anapanda boda anaenda zake Kondele, akirudi anakwambia "nimemeza zote daktari" na huna namna ila kumwamini.

Wengi wakisikia teknolojia ya afya wanawaza saa ya bei kali, lakini ushahidi mzuri sana tulio nao Kenya ulitoka kwa meseji ya kawaida, ile inaingia hata kwa kabambe, simu ya vitufe. Kuna utafiti uliitwa WelTel, matokeo yalitoka 2010 kwenye jarida la Lancet, wagonjwa 538 walioanza ARV, nusu yao kila wiki wanatumiwa meseji na nesi inauliza tu "Mambo?" na wao wanajibu "Sawa" au "Shida". Akisema shida, au akinyamaza siku mbili, anapigiwa simu. Waliotumiwa meseji asilimia 62 walifuata dawa vizuri, wale wengine 50. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya hapa kwetu Chulaimbo, barabara ya kwenda Maseno, wagonjwa 431, na dawa zao ziliwekwa kwa chupa yenye kifuniko chenye chipu inayorekodi kila ikifunguliwa, kwa hivyo hakuna kubahatisha. Waliokumbushwa mara moja kwa wiki asilimia 53 walifikisha kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dozi, ambao hawakutumiwa kitu ni 40. Na sasa hapa ndio mimi huwa nasimama: waliotumiwa meseji kila siku hawakufaidika. Nionavyo mimi mtu akipigiwa kengele kila siku anaizoea, anaizima, maisha yanaendelea. Na kule kwa WelTel nguvu haikuwa kwa meseji yenyewe, ilikuwa kwamba ukisema shida kuna binadamu anakupigia. Apu nyingi za kukumbusha dawa zimejaa kengele tupu na nyuma yake hakuna mtu.

Kuna waliofika mbali zaidi, Marekani 2017 waliidhinisha kidonge cha Abilify MyCite chenye sensa ndogo kama punje ya mchanga ndani yake, ukikimeza inatuma habari kwa kiraka ulichobandika ubavuni. Hapa kwetu si kitu cha kuulizia leo.

Saa za mkononi sasa. Ukiigeuza utaona taa ya kijani chini, ile taa inamulika ngozi na saa inasoma vile mwanga unarudi damu ikipita, hivyo ndivyo inapata mapigo. Kwa mapigo ukiwa umetulia zinajitahidi. Oksijeni ndio uwe makini nayo, 2020 kule Marekani walilinganisha vile vipimo vya kidole vya hospitali na damu yenyewe, wakakuta kwa wagonjwa weusi kipimo kinakosea mara nyingi kuliko kwa wazungu, kinaonyesha oksijeni iko juu kuliko vile ilivyo, na hivyo ni vifaa vya hospitali, si saa ya kununua mtandaoni. Kwa hivyo mtoto akipumua kwa shida usikae kuangalia namba, beba uende.

Na hili naomba mtu alisome mara mbili. Kuna saa zinauzwa ati zinapima sukari bila kudunga. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya matibabu ya Marekani, ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu wa insulini akiamini namba ya uongo anaweza kujidunga dozi kubwa sukari ikaanguka akazimia, na hiyo inaua. Sensa ya ukweli, kama FreeStyle Libre, ina kauzi kembamba kanaingia chini ya ngozi, inakaa karibu wiki mbili unabadilisha, na hata hiyo inasoma maji ya chini ya ngozi, haisomi damu, kwa hivyo huwa nyuma dakika kadhaa. Ukihisi jasho na kutetemeka na simu inasema uko sawa, dunga kidole upime.

Lakini hata namba ikiwa ya kweli bado inahitaji mtu anayejua unameza nini. Mzee anakuja ameshtuka, saa imempigia kelele usiku kwamba moyo unapiga mara 52 kwa dakika, ameshaamua ataacha dawa. Unamuuliza "mzee hebu nione hizo dawa", anatoa karatasi ya vidonge mfukoni, atenolol. Hiyo ni dawa inayopunguza kasi ya moyo, ndio kazi yake, saa haijui na haikuuliza. Kama hana kizunguzungu wala hajawahi kuzimia anaendelea na anamwambia daktari wake kliniki ijayo, kama anavyo anaenda hospitali siku hiyo hiyo. Kitu ambacho hafai kufanya ni kuikata ghafla, moyo unaweza kuruka vibaya.

Presha nayo ndio mahali naona faida kubwa, na huhitaji saa, unahitaji mashine ya kufunga mkono wa juu na mahali pa kuandika. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, usipime umetoka tu kwa boda. Leta namba za wiki nzima asubuhi na jioni, nyumbani tunaanza kuwa na wasiwasi zikiwa zinazunguka 135/85 kwenda juu. Mama akileta rekodi ya hivyo na anameza enalapril, dawa yake ya presha, vizuri halafu presha imepanda kuanzia Jumanne, nitamuuliza ni nini kingine ulianza kumeza, na mara nyingi utasikia "ah ni diclofenac tu, ya magoti". Basi. Diclofenac na ndugu zake wa maumivu kama ibuprofen wanapandisha presha na kuivuruga enalapril, na bila ile rekodi angeongezewa dozi tu. Kwa hilo peke yake ningependa kila mtu wa presha awe na hata daftari.

Mwisho kuna siri yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi la data nyeti, lakini sheria haizuii shemeji kuokota simu mezani akasoma "wakati wa ARV umefika". Nyumba nyingi simu ni ya kushirikiana. Kwa hivyo ukiweka apu ya dawa ingia kwa setingi uzime maneno yasionekane skrini ikiwa imefungwa, jina la dawa ulibadilishe uandike hata "maji", na apu ikiomba kontakti zako na mahali ulipo wakati kazi yake ni kukumbusha vidonge, itoe.