GB nyingi hazifanyi kadi ya grafiki iwe na nguvu

Anayeunga kompyuta yake ya kwanza ya gemu kwa bajeti ndogo huambiwa mapema: tafuta kadi ya grafiki yenye GB nyingi za memori. Ushauri huu umezoeleka, na unawapotezea watu hela waliyoidunduliza kwa muda mrefu.

Memori ya kadi ni mahali pa kuhifadhia picha na data ambazo gemu inazihitaji kwa wakati huo. Anayechora ni chipu ya kadi. Ikiwa chipu ni dhaifu, GB zinazozidi hukaa bure.

Mfano ni kadi ya GT 730 ya GB 4. Hata aina yake bora ina koa (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya chipu) 384. GTX 1050 ya mwaka 2016 ina GB 2 tu, lakini koa zake ni 640, za kizazi kipya zaidi, na inaiacha mbali.

Kasi ya memori nayo husahaulika. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na memori ya aina ya GDDR5, ikipitisha data ya GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo lenye memori ya DDR4, iliyo ya polepole zaidi, linalopitisha takriban 17. Jina ni lilelile na GB ni 2 zilezile, kwa hiyo soma maandishi madogo kwenye boksi kabla ya kulipa.

GB zina umuhimu wake, kwani zikipungua sana gemu hukwamakwama. Ukikuta kadi mbili za RX 570, ya GB 4 na ya GB 8, na bei zimekaribiana, chukua ya 8.