Je, wajua kwa nini ukipiga kambi Newala maji hayachimbwi, hubebwa?

Mwezi wa kumi mwaka mmoja tulitoka Mtwara mjini watu watano kwenda kulala nje karibu na Shimo la Mungu, ule ukingo wa Newala ambao ukisimama juu yake unaliona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Tulikuwa na mahema, mapanga, kamba, viberiti, na lita sita za maji. Lita sita kwa watu watano! Mwenzetu aliyewahi kuwa skauti alitutoa hofu: maji hutafutwa, fuateni majani mabichi, chimbeni penye kivuli.

Tulichimba chini ya mikorosho mpaka jua likakaribia kuzama. Ulitoka mchanga mwekundu tu. Ukiufumbata, unapenya katikati ya vidole kama unga. Bibi mmoja aliyekuwa akiokota korosho akasimama. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza kama tunatafuta ming'oko, vile viazi vya porini. Tulipomwambia tunatafuta maji alituhurumia. "Wajukuu zangu," akasema, "huku maji hayachimbwi. Huku maji hubebwa."

Usidhani ni kwa sababu mvua haifiki. Uwanda wa Makonde, nyanda hii ya juu ambako Newala imekaa, hupata mvua nyingi kuliko Dodoma, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa nne hivi. Shida iko ardhini. Juu ya uwanda kumetandazwa tabaka nene la mchanga, na chembe za mchanga huacha nafasi pana kati yake. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu yakawa kijito au bwawa; huzama moja kwa moja, yakaendelea kushuka hadi yakutane na tabaka la mfinyanzi au mwamba usiopitisha maji. Hapo ndipo yanapogeuka na kutambaa kwa upande, yakatokea kama chemchemi chini kabisa, kwenye miguu ya uwanda. Kwa hiyo maji ya Newala yapo, ila yako bondeni, na wewe uko juu mamia ya mita.

Na ile kanuni ya kufuata majani mabichi? Huku inadanganya. Mkorosho hubaki kijani wakati wa kiangazi kwa sababu mizizi yake inakwenda chini sana kufuata unyevu ambao jembe lako halitaufikia. Mwembe ni vivyo hivyo. Ubichi wa mti mkubwa wenye mizizi mirefu unakueleza habari za kina kirefu, haukuelezi lolote kuhusu mita moja ya juu. Kanuni hiyo ni ya kweli kwingine: kwenye mito ya msimu ya Lindi, ambako chini ya mchanga kuna tabaka linalozuia maji, ukichimba kwenye kona ya nje ya mto mkavu mara nyingi utayapata. (Chimba hapo, lakini usilale hapo. Mvua ikinyesha mbali, juu mtoni, mto huja usiku bila wingu kichwani pako.)

Watu wa uwanda walilijua hili zamani, na wakaamua jambo ambalo mgeni huliona la ajabu: wakakaa mbali na maji kwa makusudi. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya Wamakonde kuhusu babu yao wa kwanza. Alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, usiku ikawa mwanamke. Wakakaa karibu na Ruvuma, mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye hakuishi. Walipopanda juu, Mahuta, wa tatu akaishi. Ndipo babu akausia: msijenge mabondeni wala kando ya maji makubwa, huko kuna maradhi na mauti, nyumba iwe mbali na maji mwendo wa saa nzima.

Naupenda sana wosia huu, kwa sababu ukiupima leo unasimama. Mbu wa malaria huzaliwa kwenye maji yaliyotuama, na kwa kawaida haruki zaidi ya kilometa chache kutoka hapo. Mwendo wa saa nzima unamwacha nyuma. Ongeza viboko na mamba wa Ruvuma, nawe utaona kwa nini hata leo napiga kambi juu, kamwe si kandokando ya mto. Gharama yake imelipwa na wanawake, walioshuka na kupanda na mitungi kichwani vizazi na vizazi. Siku hizi kuna maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka bonde la Kitangari, na nyumba nyingi zina kisima cha mvua: shimo lililosakafiwa kwa saruji linalopokea maji kutoka kwenye bati.

Basi hesabu kabla ya kutoka. Mtu anayetembea juani anaweza kutoa jasho la karibu lita moja kwa saa. Mimi napanga lita nne hadi tano kwa kila mtu kwa siku, pamoja na za kupikia. Watu watano kwa siku mbili wanahitaji angalau lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20, na kila dumu ni kilo 20. Pikipiki iyapeleke hadi kijiji cha mwisho. Mgongoni hayaendi mbali.

Ukiomba maji ya kisima cha mvua, yachuje kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha yachemke kweli, yatokote dakika nzima. Kati ya mwezi wa sita na wa nane uliza kwanza kama wakulima wamepuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho, maana vumbi lake hutua kwenye mabati, na kuchemsha hakuondoi salfa. Wakati huo usilale shambani pia. Macho yatawasha usiku kucha. Na maganda ya korosho usiyatie motoni kupikia: mafuta yake hubabua ngozi na moshi wake unaumiza.

Jioni ile bibi alituachia kapu la mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Bibo ni maji matupu yenye utamu na ukakasi, tukayafyonza hadi koo likalegea. Alfajiri wawili wetu walishuka bondeni na dumu moja. Kushuka kuliwachukua saa moja. Kupanda, wakipokezana kila baada ya hatua 100, saa tatu.