Mtego wa fotoni moja
Kuran (umeme) ilikuwa imekatika, tumekaa uani, mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Prof, kuna kamera inayoona gizani kabisa?" Nikamjibu kwamba giza la uani kwetu limejaa fotoni, yaani chembe za mwanga. Simu yake ndiyo haizihesabu.

Kamera ya kawaida ni kama beseni lililotegeshwa chini ya paa wakati wa mvua. Maji yanajaa, mwisho unapima yamefika wapi. Tone mojamoja huwezi kulijua. Kihisi cha fotoni moja, ambacho sisi wa fani hii tunakiita SPAD, ni mtego wa panya. Diodi ya silikoni, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inapewa volteji ya kinyume, kupita kidogo kiwango ambacho kwa kawaida kingeivunja. Hapo imetegwa. Fotoni moja ikiingia, inaachilia elektroni moja. Hiyo inasukumwa kwa nguvu, inagonga na kuachilia nyingine, nazo vilevile, na kabla nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) haijaisha umeme unaporomoka kama kifusi. Saketi inashusha volteji, kifusi kinatulia, mtego unategwa upya. Kutega upya kunaweza kuchukua makumi ya nanosekunde. Panya akipita hapo katikati, amepita.

Mtego huu pia unasema umefyatuka saa ngapi, na mimi hilo ndilo linalonivutia zaidi. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde. Tuma mmweko, ukirudi baada ya nanosekunde 20, ukuta uko mita 3 mbele yako. Simu nyingi zina kihisi cha aina hii kando ya kamera. Nilipata kimoja kwa fundi wa simu huko Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si nchi). Usiku kilipima ukuta vizuri. Mchana wa Oktoba, jua la uani lilikifyatua ovyo mpaka kikashindwa kupima.

Mmweko wenyewe lazima uwe mfupi, na ledi kubwa ni nzito kuwaka na kuzima. Ndiyo maana kuna mikroledi za naitraidi ya galiamu, nyingine nyembamba kuliko unywele. Huko Scotland, watafiti wa Edinburgh na Strathclyde waliziunganisha na vihisi hivi ili kupima rangi za kemikali zinang'aa kwa muda gani baada ya kumulikwa.

Kuna kero moja: joto. Hata gizani, elektroni huachiliwa na joto lenyewe na mtego unafyatuka bila panya. Baridi ya Julai ingetusaidia kidogo.

Kero hiyo inazidi kwa vihisi vya gerimaniamu, elementi nyingine inayotumika badala ya silikoni. Silikoni haioni mwanga ambao urefu wa wimbi lake umepita takriban nanomita 1,100. Gerimaniamu inafika karibu 1,600, kwa hiyo inaona ule wa 1,550 unaopita kwenye nyuzi za mawasiliano. Lakini elektroni zake huachiliwa kirahisi mno, kwa hiyo inabidi kuipoza sana.

Na gerimaniamu imo kwenye terril yetu, ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda cha shaba, pamoja na kobalti na zinki. Nilipomwambia hivyo, mwanafunzi akataka tuende na ndoo. Nikamweleza kwamba ndani ya ndoo hiyo gerimaniamu ni chembe kidogo sana, na ya kutengenezea diodi husafishwa mpaka uchafu wake ubaki sehemu chache tu katika kila bilioni. Hata hivyo Jumamosi alikuja na kopo la mchanga mweusi. Liko juu ya meza yangu, tunawekea kalamu.