Pikapu ya umeme ya milango miwili si gari la aliyekosa hela

Pikapu ya umeme ya kampuni ya Slate ilipooneshwa Marekani Aprili 2025, wengi walisema hili ni gari la mtu asiyeweza kununua gari kamili. Hapo wanakosea. Wapo wenye uwezo wanaolitaka hivyo hivyo lilivyo.

Tazama mlango wake. Kioo kinapanda kwa kuzungusha mkono, kwa hiyo hakuna mota wala swichi ya kuungua. Bodi ni plastiki ya kijivu isiyopakwa rangi. Ukikwaruza ubavu getini, chini ya kijivu ni kijivu kilekile. Skrini ya burudani haipo, unapachika simu yako, na ikichakaa unabadilisha simu, hugusi dashibodi.

Kukosa siti za nyuma nako ni faida: gari lina urefu wa mita 4.4 tu, lakini sehemu ya mizigo inabaki na urefu wa mita 1.5. Kwa makadirio ya kampuni, linabeba takriban kilo 650 na betri ndogo inafika kilomita 240, zinazomtosha fundi anayechaji nyumbani usiku.

Anayevuta trela nzito atafute jingine. Hili linavuta kilo 450 tu.