Bando Limekwisha, Filamu Haijaenda Popote

Nikiitwa nyumba yoyote ya Mombasa, kuanzia Bamburi hadi Likoni, kwa sababu TV haizioni folda za kompyuta, nakaribishwa kwa maneno yale yale: "Fundi, ni bando. Tumechelewa kulipa, ndiyo maana filamu hazionekani." Nimeambiwa hivyo na wazee, na vijana wa chuo, na bwana mmoja wa Kizingo ambaye alikuwa ashalipia kifurushi kikubwa zaidi kabla hata ya kunipigia. Pesa zake zimeenda, folda bado haionekani. Basi hili leo tulimalize.

"Bila intaneti, folda za nyumbani hazifunguki"

Filamu iliyo kwenye laptopu yako, ukiichezesha kwenye TV ya sebuleni, haitoki nje ya nyumba. Inatoka kwenye laptopu, inaingia kwenye ruta, ruta inaipeleka kwenye boksi la TV, basi. Kampuni ya intaneti haiioni, haiihesabu wala haiitozi. Sahani ya biriani ikitoka jikoni kwenda sebuleni haipandi feri ya Likoni.

Anayebisha aanzishe filamu kutoka kwenye folda, kisha achomoe waya inayoleta intaneti nyuma ya ruta. Sikusema waya ya stima. Filamu itaendelea. Kama ruta yako inaingiwa na faiba moja kwa moja, usiiguse faiba, ncha yake haitaki vumbi. Ngoja siku intaneti itakapokatika yenyewe, na hutangoja sana. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na SEACOM, ambazo zote mbili zinafika nchi kavu hapa hapa Mombasa, zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Kufungua video ya YouTube ilikuwa mtihani. Folda ya ndani ya nyumba haikuwa na habari na mambo hayo.

Sasa mbona watu wanaapa kwamba intaneti ikikatika folda nazo hutoweka? Hawasemi uongo. Hutoweka kweli, ila kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo niliyochoka kuieleza.

Intaneti imekatika saa mbili usiku. Binti ana kazi ya chuo ya kutuma, kwa hiyo anawasha hotspoti ya simu yake na kuiunganisha laptopu huko. Kazi inatumwa, laptopu inabaki kwenye hotspoti. TV iko pale pale kwenye waifai ya nyumba. Laptopu na TV sasa ziko kwenye mitandao miwili tofauti na hazijuani kabisa. Saa tatu baba anataka filamu yake, anafungua boksi, folda hakuna. Anakumbuka kwamba intaneti haipo, anajumlisha moja na moja, anapata bando.

Nyumba nyingine hawafiki hata huko: bando likiisha wanaizima ruta, ati isile stima bure. Jamani, ruta ndiyo inayobeba filamu. Ukiizima umebomoa njia yenyewe. Na ziko laptopu zilizozoeshwa kujiunga zenyewe na waifai yoyote zinayoijua. Ya nyumbani ikiyumba, zinahamia ya jirani aliyekupa paswadi siku ya harusi, na hakuna anayezikumbuka kuzirudisha.

Kwa hiyo mimi nikifika siulizi habari za malipo. Naangalia anwani, yaani namba inayotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Kwenye laptopu fungua dirisha la amri, andika ipconfig, usome mstari wa IPv4. Kwenye TV ingia mipangilio, kisha mtandao, utaiona anwani yake. Laptopu ikiwa 192.168.1.23 na TV ikiwa 192.168.1.40, ziko pamoja. Moja ikiwa 192.168.1 na nyingine 192.168.100, au 192.168.43, hazitaonana hata ukilipia intaneti ya bandari nzima. Hiyo 43 mara nyingi ni hotspoti ya simu ya Android, hasa za zamani kidogo, kwa hiyo ukiiona umeshampata mhalifu.

Namba kutofautiana hutokea hata pasipo hotspoti. Mafundi wa faiba huacha ruta yao karibu na mlango, halafu mwenye nyumba ananunua ya pili ili waifai ifike chumbani, anaichomeka kama ilivyotoka kwenye kasha lake. Ile ya pili inaanzisha mtandao wake na kugawa anwani zake. Inatakiwa iwekwe iwe kituo cha waifai tu, kazi ya kugawa anwani iachiwe ile ya kwanza. Waifai ya wageni nayo imetengenezwa makusudi vifaa vyake visionane na vya ndani. Ukiiunganisha TV huko, usitafute folda.

Kuna jambo moja linalowapa watu wa bando kisingizio, nami sitalificha. Programu kama Plex, inayopanga filamu za kompyuta na kuzipeleka kwenye TV, hutaka uingie kwenye akaunti, na akaunti iko kwenye intaneti, kwa hiyo siku isiyo na intaneti inaweza kukugomea hata kama faili ziko chumba cha pili. Ndani ya mipangilio ya mtandao ya seva yake kuna mahali pa kuorodhesha anwani za nyumbani zinazoruhusiwa bila kuingia akaunti. Jaza mapema, intaneti ikiwa ipo. Jellyfin, programu ya kazi hiyo hiyo, haina shida hiyo kwa sababu akaunti zake zinakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. VLC, programu ya kuchezea filamu, haiulizi akaunti kabisa, na ndiyo ninayoiweka kwa wateja wasiotaka maneno mengi.

"Filamu inakwama, niongeze kasi ya intaneti"

Dai hili ni mtoto wa lile la kwanza. Piga hesabu: filamu ya saa mbili yenye ukubwa wa GB 4 inahitaji kama Mbps 4.5 (megabiti kwa sekunde) ili ichezeke bila kukatika. Hizo Mbps ni za baina ya kompyuta na TV, wala si zile unazolipia mwisho wa mwezi. Ukitoka kifurushi cha 10 ukaenda cha 40, njia ya kutoka chumbani hadi sebuleni imebaki ile ile.

Tatizo ni hewa na kuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ziko zenye kuta za unene wa dhiraa moja. Waifai ya 5 GHz ikipita ukuta mmoja wa namna hiyo inafika upande wa pili imechoka, na wa pili haiupiti. Ile ya 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi, lakini iko taratibu na majirani wote wako humo humo. Tena laptopu na TV zote zikiwa kwenye waifai, filamu inapita hewani mara mbili: kutoka laptopu hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi TV. Ukiunga kompyuta kwa waya peke yake tu, umeondoa nusu ya mzigo huo.

Waya, waya, waya. Wake wa nyumbani hawataki kuiona ikipita juu ya zulia, naelewa, basi ipitishwe pembeni ndani ya mfereji wa plastiki. Na nunua ya shaba tupu. Zile za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba juu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma nazo. Nimeng'oa vichwa vya waya Nyali, nyumba zinazotazama bahari, vikiwa na ukungu wa kijani kwenye meno yake. Waya kama hiyo inaweza kuonyesha taa ya kijani kwenye ruta huku ikipoteza data njiani, na mwenye nyumba yuko kwenye simu anaigombeza kampuni ya intaneti.

"Zima fayawoli, ruhusu kila mtu, itafanya kazi"

Itafanya kazi, ndiyo. Ukiacha mlango wa mbele wazi wageni nao huingia bila taabu.

Kinachozuia mara nyingi ni kwamba Windows imeuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa wa mahali pa umma. Ukibadilisha ruta, au hata jina la waifai, kompyuta inaona mtandao mgeni, na ukiacha chaguo la "Public" inajificha isionekane na vifaa vingine. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, ugeuze kuwa "Private", fayawoli, yaani mlinzi wa kompyuta dhidi ya wanaoingia kwa mtandao, iache ikiwaka. Kisha kwenye folda yenyewe toa ruhusa kwa jina moja la mtumiaji, lenye paswadi, la kusoma tu. Kumbuka ruhusa ziko mahali pawili, kwenye kichupo cha kushiriki na kwenye kile cha usalama, na inayoshinda ni ile kali kuliko mwenzake. Wengi wanafungua kimoja na kusahau cha pili.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu ya video za kupamba. Sherehe ile ya harusi ni ya wanawake peke yao, simu hukusanywa mlangoni, anayepiga picha ni mwanamke. Halafu video inaletwa nyumbani, inawekwa kwenye folda iliyoruhusiwa "Everyone", ndani ya nyumba ya ghorofa ambapo paswadi ya waifai imeshagawiwa ghorofa tatu na kijana wa dukani. Nimekaa kwenye sebule ya mteja huko Tudor, nikafungua orodha ya mitandao kwenye boksi lake, na kompyuta ya jirani ikajitokeza yenyewe pamoja na folda iliyoandikwa jina la bibi harusi. Sikuifungua. Nilimwomba mwenye nyumba ampelekee jirani salamu, aifunge usiku ule ule.

"Windows ilisasishwa ikaharibika, irudishe SMB ya zamani"

Haikuharibika. SMB1, lugha ya kale ya kushiriki faili, ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017 kikasambaa duniani. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, Microsoft wakaacha kuiwasha kwenye kompyuta zinazosakinishwa upya. Boksi la zamani linalojua lugha hiyo peke yake limeachwa nyuma. Kabla hujaiwasha tena SMB1, weka VLC mpya au Kodi mpya kwenye boksi, maana zinajua SMB2 na SMB3, matoleo mapya ya lugha hiyo. Mara nyingi ni programu ya kuchezea iliyokuja na boksi ndiyo iliyozeeka, boksi lenyewe halina neno.

Wenye diski iliyochomekwa nyuma ya ruta bila paswadi wamekutana na mengine: Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 hukataa kuingia kama mgeni. Weka jina na paswadi kwenye ruta. Ikiwa ruta yenyewe inajua SMB1 tu, ihamishie diski kwenye kompyuta.

"Stima ilipotea, ikarudi, boksi likafa"

Boksi ni zima. Stima ikirudi, ruta huanza kugawa anwani upya, na laptopu iliyokuwa 192.168.1.23 yaweza kupewa 192.168.1.31. Boksi linaendelea kugonga mlango wa 23. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, uifunge laptopu na namba moja. Kazi ya dakika chache, na watu wameshanunua maboksi mapya kwa ajili yake.

Mengine niyapitie haraka.

"Folda inaonekana lakini filamu haimo, kwa hiyo faili imefutika." Haijafutika. Seva za DLNA, njia nyingine ya kompyuta kuonyesha filamu zake kwenye TV, huonyesha aina za faili zinazozijua tu, zingine hazitajwi kabisa. Fungua folda ile ile kwa SMB utaiona. Ikicheza picha bila sauti, huenda sauti yake ni ya muundo uitwao DTS, na TV nyingi haziisomi. VLC itaisoma.

"Flashi ina nafasi GB 20, imekataa filamu ya GB 5, ni feki." Flashi feki zipo tele mjini, lakini hiyo imeumbizwa (format) kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi GB 4. Hamisha vilivyomo, iumbize upya kwa exFAT, baada ya kuhakikisha boksi lako linaisoma.

"Naandika paswadi sahihi, inakataa." Unaandika PIN. Zile namba nne unazofungulia laptopu zinafanya kazi kwenye laptopu hiyo tu, hazivuki mtandao. TV inataka paswadi ya akaunti, ile uliyoiandika siku ya kununua mashine ukaisahau. Kama huikumbuki, tengeneza mtumiaji mwingine kwenye kompyuta, mpe paswadi fupi, mruhusu folda ya filamu peke yake, na jina lake ndilo uliandike kwenye TV.