80 Plus haipimi nguvu ya pawa saplai

Ukizunguka maduka ya kompyuta ya Kampala kutafuta pawa saplai, kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, ya mashine ya gemu, utasikia kauli mbili. Ya kwanza: "Hii ni 80 Plus, kwa hiyo imeandikwa wati 500 lakini utapata 400." Ya pili: "Chukua Gold, bosi, hii haiunguzi mashine." Zote mbili zinasemwa kwa nia njema, na zote mbili si kweli. Vijana wanachanga pesa miezi mingi kununua kadi ya grafiki, halafu wanaichomeka kwenye kifaa walichokichagua kwa kauli hizo.

80 Plus ni cheti cha ufanisi. Kinaonyesha ni asilimia ngapi ya umeme unaotoka ukutani inaifikia kompyuta, na ni kiasi gani kinapotelea njiani kama joto. Maana yake inaishia hapo.

Ili kuelewa kwa nini inaishia hapo, angalia ilikotoka. Mpango ulianzishwa Marekani mwaka 2004 na kampuni iitwayo Ecos Consulting, ambayo kazi yake ilikuwa kupunguza upotevu wa umeme. Wakati huo pawa saplai nyingi za kompyuta za mezani zilikuwa zinapoteza robo hadi theluthi ya umeme zinaouvuta. Ikawekwa alama moja ya kufikia: ufanisi wa angalau asilimia 80 pawa saplai ikiwa imebebeshwa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake. Mwaka 2008 zikaongezwa ngazi za Bronze, Silver na Gold, kisha zikafuata Platinum na Titanium. Kwa umeme wa volti 115, Gold inatakiwa kufikia asilimia 87, 90 na 87 katika mizigo hiyo mitatu. Bronze 82, 85 na 82. Leo mpango unasimamiwa na CLEAResult. Tangu mwanzo hadi sasa, hakuna ngazi iliyowekwa kupima nguvu. Waanzilishi walikuwa wanapigania umeme usipotee bure, na cheti chao kinajibu swali hilo.

Sasa hesabu. Wati zinazoandikwa kwenye pawa saplai ni zile inazoweza kuzitoa kwenda kwenye kompyuta. Kifaa cha kweli cha wati 500 chenye ufanisi wa asilimia 80 kinatoa 500 kamili, na ili kuzitoa kinavuta 625 ukutani. Zile 125 zinageuka joto, nawe unazilipia kwenye Yaka, mita yetu ya kulipia umeme kabla. Hasara iko upande wa ukuta, haikatwi kwenye chakula cha kompyuta. Wala mwenye pawa saplai ya wati 750 hatumii umeme wa wati 750 muda wote. Mashine ikihitaji 300, inavutwa 300 pamoja na hasara yake.

Na hiyo tofauti ya Bronze na Gold? Mashine inayotumia wati 300 kwenye gemu, Bronze ya asilimia 85 itavuta ukutani kama 353, Gold ya asilimia 90 kama 333. Tofauti ni wati 20. Ukicheza saa nne kila siku, itakuchukua kama siku 12 kuokoa uniti moja ya umeme. Kwa hiyo anayeongeza pesa nyingi kwa sababu ya Yaka peke yake, hajapata anachodhani amepata.

Kauli ya pili ndiyo yenye madhara zaidi. Vipimo vya 80 Plus hufanyika maabara, kwenye hewa ya nyuzijoto 23 hivi na umeme uliotulia. Haviangalii kama volti zinazotoka zinatetereka mzigo ukibadilika ghafla. Haviangalii kama kifaa kinajizima kikipata shoti, kikizidiwa mzigo au kikipata joto kupita kiasi. Sasa ipeleke Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwenye joto la mwezi wa Februari, ndani ya kava lenye feni moja, kwenye laini inayoshuka jioni kila mtu akiwasha vyombo na kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Pawa saplai za Gold zilizotengenezwa vizuri ni nyingi, na mara nyingi mtengenezaji aliyejali ufanisi amejali na mengine. Lakini cheti chenyewe hakikuahidi hayo.

Kwetu mimi ningeanza na mlango wa umeme. Tafuta iliyoandikwa volti 100 hadi 240 bila swichi ya kubadilisha. Zile zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 ni za kuangalia mara mbili: kikiachwa kwenye 115 halafu ukachomeka kwenye soketi yetu ya 240, inaungua papo hapo. Kisha orodha ya kinga dhidi ya shoti, mzigo kuzidi na joto kali, kisha dhamana ya miaka mingapi. Na kama unatumia UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, nunua inayobeba mzigo wa mashine ikiwa kwenye gemu, si ikiwa imetulia.

Halafu soma lebo ya ubavuni, mstari wa +12V, yaani umeme wa volti 12 unaokwenda kwenye kompyuta, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zinakula karibu kila kitu hapo. Zidisha ampea kwa 12. Kuna pawa saplai za bei rahisi zilizoandikwa 500 kwa herufi kubwa, lakini mstari huo una ampea 18, yaani wati 216. Kadi ya grafiki ya RTX 3060 inatumia wati 170, na prosesa ya Ryzen 5 5600 inaruhusiwa kufika 76. Jumla ni 246, kabla hujahesabu feni na diski. Mashine itazima katikati ya mechi na lawama itaangukia kadi. NVIDIA, watengenezaji wa RTX 3060, wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na wanamaanisha 550 za kweli.

Kwa hiyo, bosi wangu wa dukani, mteja akikuuliza kama pawa saplai inatosha, usimjibu kwa kumwonyesha beji ya Gold. Beji hiyo inajibu swali la umeme unaopotea. Mgeuzie boksi upande wa pili, mwonyeshe mstari wa +12V na volti za kuingilia, halafu muulize ana kadi gani.